Mkalimani wa Baba Mdogo

Baba yangu mdogo ni mlinzi wa usiku katika jengo moja la ghorofa huko Bugolobi, si mbali na barabara ya Luthuli. Nimekaa naye tangu nilipojiunga na Chuo Kikuu cha Kyambogo kusomea Kiswahili. Chumba chetu kiko nyuma ya jengo, upande unaoteremka kuelekea kinamasi cha mfereji wa Nakivubo. Kwetu ni Arua. Kabla ya kuja Kampala alitumikia jeshi miaka kumi na miwili, na lugha anazozimudu ni mbili: Kilugbara na Kiswahili cha kambini. Kiganda anakijua cha kununulia ndizi na sabuni. Kiingereza anakijua cha kuwasalimia wenye magari na kuandika namba zao kwenye daftari la getini. Kiswahili chake hakiheshimu ngeli yoyote niliyowahi kufundishwa, lakini ndicho alichopokelea amri na ndicho alichowalilia wenzake waliokufa.

Nayasema haya mapema ili msomaji aelewe kwa nini mwaka jana nilijikuta katika chumba cha daktari wa upasuaji, nikimtafsiria mzee wangu maswali ambayo kwetu mtoto hathubutu kumwuliza baba yake. Ameniruhusu niyaandike kwa sharti moja: nisimtaje jina.

Ugonjwa ulianza kama jipu. Lilitokea pembeni mwa tundu la haja kubwa, likavimba siku nne hata akawa hawezi kukaa. Usiku wa tano likapasuka lenyewe akiwa lindoni. Alirudi asubuhi mchangamfu, akalala kama mtu aliyetua mzigo. Wiki tatu baadaye, pale pale, pakatokea kitundu kidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, kikaanza kutoa usaha na damu kidogo. Kilikauka siku mbili tatu, kikavimba, kikapasuka tena. Mchezo huo uliendelea miezi saba.

Wenzake wa lindoni walimwambia ni bawasiri. Neno hilo kila mtu analijua, na wauza dawa za miti wanalitangaza kwa vipaza sauti sokoni. Alikunywa dawa za miti. Zahanati moja ikampa vidonge vya kuua bakteria mara mbili bila kumwambia avue suruali wamtazame. Kila mara alipata nafuu ya siku chache, kisha maji yale yale yakarudi. Mimi sikuambiwa neno. Nilichoona ni kwamba alianza kuvaa suruali nyeusi tu, akaacha kukalia kiti chake cha plastiki getini, na siku moja tulipotoka Nakawa na mizigo akasema twende kwa miguu ilhali bodaboda zilikuwa zimejaa pale. Nilipomwuliza mguu una nini, alinyamaza mpaka tukafika nyumbani. Kisha akasema, “Si mguu, kijana. Ni nyuma.”

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ni methali ninayoijua tangu shule ya msingi, na nimeiandikia insha zaidi ya mara moja. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuuficha uchi kwa sababu hana neno la kuusemea. Neno la moja kwa moja la sehemu ile lipo katika Kiswahili, na kila mwanajeshi analijua, ila limetumika kutukania hadi halifai tena kuponyea. Baba mdogo angelisemaje mbele ya muuguzi wa kike ambaye ni rika la binti yake? Kwa hiyo alisema “bawasiri”, akatibiwa bawasiri.

Tulikwenda hospitali moja hapa Bugolobi. Muuguzi wa mapokezi alimwita “ssebo” kwa heshima, akasikiliza nilivyoeleza, akaandika neno moja kwenye faili: fistula. Baba mdogo alilisoma, akakunja uso.

“Mimi nilizaa lini?” akaniuliza.

Swali lake lilikuwa na mantiki kamili. Nchini Uganda, na pia Kenya na Tanzania, neno fistula limekuja kwa redio na mabango ya afya ya uzazi. Tunalisikia kila tarehe 23 Mei, siku ya kimataifa ya kutokomeza fistula ya uzazi. Wengi wamesikia habari za Hospitali ya Kitovu kule Masaka au CCBRT jijini Dar es Salaam, ambako wanawake walioumia kwa uchungu wa muda mrefu hushonwa na kurudishiwa heshima yao. Kampeni hizo zimefanya kazi njema sana, na kwa sababu hiyo neno lenyewe limekuwa la wanawake. Mwanamume akiambiwa ana fistula, ama atacheka ama atakasirika.

Kitabibu, neno hilo ni pana zaidi. Katika Kilatini lilikuwa na maana ya bomba au filimbi, na madaktari hulitumia kwa njia yoyote isiyo ya kawaida inayounganisha sehemu mbili za mwili. Ya uzazi huunganisha uke na kibofu cha mkojo, au uke na utumbo wa haja. Ya baba mdogo ilikuwa handaki jembamba lililoanzia ndani ya njia ya haja kubwa na kutokezea kwenye ngozi ya nje. Usiku ule nilifungua kamusi nikakuta kwamba Kiswahili kilikuwa na neno lake tangu zamani: nasuri. Limetoka Kiarabu, kama ndugu yake bawasiri, ila bawasiri lilipata umaarufu na nasuri likabaki limelala kamusini.

Nilipomtajia baba mdogo alicheka kwa mara ya kwanza tangu wiki ile ianze. “Nasuri? Kwetu hilo jina la mtu!” Ni kweli. West Nile tuna akina Nasur wengi. Kuanzia siku hiyo ugonjwa ukawa mtu, na mtu huzungumzwa bila haya. Asubuhi nilimwuliza, “Nasuri ameamkaje?” Naye alijibu, “Leo amelala,” au, “Amenisumbua usiku kucha.” Tulizungumza hivyo hata mbele ya wageni, wakadhani ni jirani.

Kwa daktari haikuwa rahisi hivyo. Alikuwa mtu mpole mwenye Kiingereza na Kiganda, asiyejua Kiswahili. Katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya mwaka 2005, inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, lakini fomu zote mezani zilikuwa za Kiingereza. Alianza kuuliza, nami nikaanza kutafuta maneno. Je, anapata choo kila siku? Je, kuna damu? Je, huwa anashindwa kuzuia hewa? Hapo nilikwama. Nilitazama sakafu. Baba mdogo aliona nilivyokwama, akaniwekea mkono begani.

“Leo wewe si mtoto wangu,” akasema. “Leo wewe ni mdomo wangu. Sema.”

Nikasema.

Uchunguzi wenyewe ulichukua dakika chache. Alilazwa kwa ubavu, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, daktari akatazama kitundu cha nje, kisha akaingiza kidole chenye glavu na mafuta kupapasa handaki linaelekea wapi. Mimi nilikaa upande wa pili wa pazia nikitafsiri kwa sauti. Baadaye daktari alichora kwenye karatasi. Ndani ya njia ya haja, sentimita chache tu kutoka nje, kuna tezi ndogo ndogo. Moja ikiziba, bakteria huzaliana humo na kufanya jipu. Jipu linatafuta pa kutokea, nalo likishapasuka au kupasuliwa, kati ya theluthi moja na nusu ya wagonjwa hubaki na njia isiyofunga. Kila siku uchafu kidogo huingia kwa mlango wa ndani, na kwa hiyo vidonge peke yake haviwezi kuponya: hutuliza usaha, lakini handaki hubaki. Alisema pia kwamba katika nchi zetu ni lazima kupima kifua kikuu, VVU na kisukari, kwa kuwa kifua kikuu chaweza kujificha mahali hapo na kufanya nasuri isiyosikia kisu mpaka kitibiwe chenyewe. Kipande kidogo cha nyama kingepelekwa maabara siku ya upasuaji.

Kisha tukafika kwenye fomu ya ridhaa. Kila ninapoisoma mihadhara yangu ya tafsiri hukumbuka ukurasa ule mmoja. Daktari alieleza kwamba njia ya haja imezungukwa na misuli miwili ya kubana. Wa ndani hufanya kazi wenyewe hata mtu akiwa usingizini. Wa nje hututii: ndio tunaoukaza tukiwa safarini na choo kiko mbali. Nasuri ikipita chini, ikagusa msuli kidogo tu, daktari huipasua yote wazi kama mtu anayefungua mfereji, akaiacha ipone kutoka chini kuja juu. Njia hiyo huponya zaidi ya watu tisa katika kumi. Lakini ikipita juu na kukatiza msuli mwingi, kuipasua ni kuukata msuli wenyewe, na mtu aweza kupona nasuri akabaki hawezi kuzuia hewa au choo. Hapo daktari huingiza uzi, unaoitwa setoni, upite ndani ya handaki na kufungwa nje kama pete. Uzi hauponyi. Kazi yake ni kuacha mlango wazi ili usaha utoke wote, handaki lipungue, kisha upasuaji wa pili ufanyike baada ya wiki au miezi.

Kwa Kiingereza hatari hiyo ilisemwa kwa neno moja refu, safi, lisilonuka. Kwa Kiswahili ningeweza kusema “madhara kidogo”, na baba mdogo angetia sahihi mara moja, kwa maana alikuwa amechoka. Nilifikiria hivyo kwa muda mfupi, kisha nikasema kama lilivyo: “Baba, daktari anasema akikata msuli mwingi, huenda hewa ikakutoka bila wewe kutaka. Hata choo. Labda maisha yako yote.”

Alikaa kimya. Nje magari ya barabara ya Port Bell yalikuwa yakipiga honi. Kisha akasema, “Mlinzi anayenuka atalinda mlango wa nani? Mwambie akiona msuli mwingi asikate. Aweke kamba. Nitangoja.”

Nilitafsiri. Daktari akaandika maneno hayo kwenye faili, tena akayasoma kwa sauti ili nihakikishe. Hapo ndipo baba mdogo alipotia sahihi. Najiuliza ni wagonjwa wangapi hutia sahihi kwenye karatasi kama ile bila mtu wa kuwaambia jambo lenyewe kwa lugha wanayoogopea.

Upasuaji ulifanyika Jumanne asubuhi. Hakula tangu usiku. Walimchoma sindano ya ganzi mgongoni, miguu ikafa, mwenyewe akabaki macho akisikia vyuma vikigongana. Haikufika saa moja. Daktari alipopitisha kijiti chembamba kutoka mlango wa nje hadi wa ndani, alikuta handaki limekatiza sehemu kubwa ya msuli wa nje. Hakukata. Aliweka uzi.

Siku ya kwanza kilichomtia hofu ni miguu kutotii kwa saa kadhaa, na kisha mkojo kugoma. Muuguzi alikuwa ametuonya kwamba ganzi hufanya hivyo, na jioni ukatoka. Alilala hospitali usiku mmoja. Tulirudi nyumbani na maagizo ambayo niliyaandika kwa Kiswahili kwenye kadibodi na kuyabandika ukutani: maji ya uvuguvugu kwenye beseni, akalie dakika kumi au kumi na tano, asubuhi na jioni na kila baada ya choo; ajisafishe kwa maji, asijisugue kwa karatasi; dawa ya maumivu kwa saa, asingoje maumivu yaje; dawa ya kulainisha choo; maji mengi. Na dalili za kurudi mbio hospitali: homa, damu isiyokoma, uvimbe mpya, au mkojo kukataa kutoka.

Wote wenye ugonjwa huu huogopa choo cha kwanza, na baba mdogo aliyewahi kuvuka mito chini ya risasi alikiogopa siku tatu. Kilipokuja alitoka chooni na jasho usoni akasema, “Si kama nilivyofikiri.” Kilimuuma, lakini beseni la maji ya moto lilikuwa tayari, na baada ya robo saa aliweza kulala.

Uzi hutoa majimaji kila siku, na mgonjwa huhitaji pedi ndani ya nguo. Nilikwenda kuzinunua soko la Bugolobi. Muuzaji alinitazama, akaniuliza kwa Kiganda ni za dada yangu? Nikamjibu ni za baba yangu. Alicheka, akaona sicheki, akafunga pakiti mbili kwenye gazeti bila kuuliza tena. Wiki iliyofuata alinipunguzia bei.

Kuhusu chakula, daktari alitaka maharage, mboga za majani, mapapai na matoke, si kwa kuwa chakula kilileta nasuri, bali kwa kuwa choo laini hakichokozi kidonda. Nilipotafuta zaidi nilimkuta Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefika Uganda mwaka 1946, akafanya kazi Lira na kisha Mulago. Dunia inamjua kwa saratani ya watoto yenye jina lake, aliyoieleza mwaka 1958. Lakini baadaye aligeukia jambo ambalo wenzake walilionea haya: kupima choo. Alilinganisha choo cha wanavijiji wa Afrika wanaokula vyakula vyenye nyuzinyuzi na cha Waingereza wanaokula mkate mweupe. Akahubiri hadi uzeeni kwamba magonjwa mengi ya utumbo ya nchi tajiri yanatokana na nyuzinyuzi kupungua. Mwanasayansi aliyefanya kazi mwendo mfupi tu kutoka Bugolobi alijenga hoja yake juu ya kitu ambacho sisi hatuthubutu kukitaja.

Jioni nilimsomea baba mdogo habari hizo, na za Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa pia. Naye alikuwa na nasuri. Daktari wake, Charles-François Félix, alijizoeza kwanza kwa wagonjwa maskini wa hospitali, kisha akampasua mfalme tarehe 18 Novemba 1686, bila ganzi. Mfalme alipona, na wakubwa wa jumba lake wakaanza kujitangaza kuwa na ugonjwa huo huo, kwa kuwa sasa ulikuwa wa heshima. Baba mdogo alifikiri kidogo. “Hao maskini wa kujizoezea,” akauliza, “nani aliwatafsiria?”

Sikuwa na jibu, na sijalipata mpaka leo.

Alirudi kazini baada ya wiki mbili, akiwa na uzi wake. Msimamizi wake alimbadilishia zamu ili asikae usiku kucha, baada ya mimi kumwandikia barua ya kueleza. Majibu ya maabara yalionyesha hakuna kifua kikuu. Baada ya miezi mitatu alipasuliwa mara ya pili: daktari aliifuata njia hadi katikati ya ile misuli miwili, akaifunga na kuikata hapo, msuli wa nje ukabaki mzima. Alikuwa ametueleza wazi kwamba kwa njia hii nasuri hurudi mara nyingi zaidi kuliko ikipasuliwa wazi. Baba mdogo alikubali. Kurudi kwa Nasuri alikuogopa kidogo kuliko kupoteza msuli. Sasa ni mwezi wa tano pamekauka. Amenunua suruali ya rangi ya kaki.

Wanafunzi wenzangu, darasani tunatafsiri hotuba na taarifa za habari, nami nazipenda. Lakini nimeona lugha yetu ikihitajika mahali ambapo hakuna jukwaa, ambapo mzee aliyelala kwa ubavu nyuma ya pazia anahitaji kujua atakatwa nini. Nimeanza daftari la maneno ya wodini. Kila neno lina safu tatu: linavyosemwa na daktari, lilivyo kamusini, na lile ambalo mgonjwa atalielewa bila kuvunjiwa heshima. Safu ya tatu ndiyo ngumu, kwa sababu haipatikani maktabani. Hadi sasa nina maneno sitini na manne. Nakala ya kwanza nimempa yule muuguzi wa mapokezi, ambaye ameniambia kwamba wagonjwa wa Kikongo huja kila wiki na hukaa kimya kama baba mdogo alivyokaa. Nawaomba walimu wangu wanisahihishe, na wenzangu waniongezee.